Siku Nilipoiangusha Neti ya Nyambura

Sitaki mtu anihurumie, na sitaki mtu acheke kabla sijamaliza, ingawa najua mtacheka, maana hata mke wangu akipita karibu na kamba ya kuanikia nguo ananitazama kidogo halafu anaingia jikoni kuchekea sufuria zake. Ninaisimulia kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwepo. Kule Riruta wanasema niliangusha jengo. Sikuangusha jengo. Niliangusha kazi ya mtoto wangu, mchana, mbele ya watu waliovaa vizuri, na afadhali lingekuwa jengo.

Mimi ni mtu wa tenti. Shule niliiacha nikiwa mdogo (shule nayo iliniacha, hatukugombana), nikabeba viti vya wenyewe, nikabeba nguzo za wenyewe, mpaka nikanunua tenti yangu ya kwanza, nayo ikazaa nyingine, na leo ukifiwa popote kati ya Mutuini na Riruta, au ukiozesha binti, kuna uwezekano mkubwa umelia au umecheza chini ya turubai langu. Hakuna tenti yangu iliyowahi kuangukia mtu. Upepo wa vilima vya Ngong umenijaribu mara nyingi ukarudi kwao. Nikisema hivyo sijisifu, nasema ukweli, ingawa mke wangu husema mimi hutumia ukweli kujisifu.

Binti yangu Nyambura ana jina la mama yangu, kama ilivyo desturi yetu, kwa hivyo tangu akiwa mdogo nikitaka kumgombeza naona ninamgombeza mama, nashusha sauti. Yeye alisoma. Alisoma mpaka pale masomo yanapoanza kumshangaza mzazi, halafu akaja kuniambia kazi yake itakuwa kusuka nyuzi. Nikamwambia nyanya yako alisuka viondo na hakuna chuo alichoenda. Akasema yeye anataka kusuka kitu cha kuning'inia juu ya mji, kikubwa kuliko tenti zangu zote zikishonwa pamoja, watu wapite chini yake.

Nikamuuliza kitazuia mvua? Hapana. Jua je? Kidogo tu. Sasa ni cha nini?

"Baba, watu wa huu mji wanatembea wakitazama chini," akaniambia. "Wanaogopa mashimo, wanaogopa wezi. Nataka watazame juu."

Nikacheka. Nikakiita kile kitu chandarua, na nikaendelea kukiita chandarua kila alipokuja nyumbani, mbele ya wageni pia, mpaka akaacha kuniambia habari zake, akawa anamwambia mama yake tu, nami nazipata jikoni kama makombo.

Kumbe kazi ilikuwa inaenda. Akapewa ruhusa ya kuitundika juu ya barabara moja pale katikati ya jiji, kutoka paa la jengo moja hadi paa la jengo la ng'ambo, na siku ya kuizindua ikapangwa. Mke wangu akanieleza mambo yalivyokuwa. Kulikuwa na mama mmoja wa Kitisuru, tajiri wa kutosha, anayetaka nyingine kama hiyo kwenye ukumbi wa hospitali anayoijenga, na angekuja siku hiyo kutazama kama hii inasimama vizuri. Ikisimama, Nyambura angekuwa msanii. Isiposimama, angerudi kufundisha watoto wa wenyewe kuchora matunda. Hapo ndipo maisha yake yalipokuwa yamening'inia, si nyuzi peke yake.

"Amesema uje," mke wangu akaniambia. "Lakini amesema ukae."

Nikauliza, nikae vipi? Akasema, ukae kama watu wanavyokaa, kwenye kiti.

Nikavaa suti ya kanisani na kofia, nikapiga viatu rangi, tukaenda. Barabara ilikuwa imefungwa, viti vimepangwa (vya plastiki, vimefunikwa vitambaa, hata si kazi nzuri), nasi tukawekwa mstari wa pili. Nikatazama juu. Nitasema ukweli hapa kwa sababu siku ile sikuusema. Nilitazama juu nikasahau kufunga mdomo. Ilikuwa rangi ya chungwa, ikaingia nyekundu, ikaingia kijani ya majani chai, na ilikuwa inapumua. Upepo ukija inavimba, upepo ukienda inashuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Watu wa boda boda walikuwa wamesimama kule kwenye kizuizi, shingo zimepinda, mmoja anauliza kama ni neti ya kushika makorongo, mwingine anamwambia nyamaza bwana, tazama tu. Nyambura akatupita, akanitazama usoni akingoja, na mimi, mjinga mkubwa, nikamwambia, "Wamefunga sawa." Akasema asante Baba, akaenda mbele.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa. Mtu wa tenti aliyeanza zamani kama mimi alianza na kamba za mkonge, na kamba ya mkonge ina tabia moja: ikilowa inajikunja, inakuwa fupi, inavuta. Ukiiacha imekaza wakati mvua inakuja, inang'oa kigingi au inapasua turubai. Kwa hivyo wingu likitokea upande wa Ngong, huulizi mtu, unazunguka tenti ukilegeza kamba, moja moja, hata kama bibi harusi analishwa keki. Mikono yangu imefanya hivyo miaka yote. Haingoji kichwa.

Na wingu likatokea. Mheshimiwa mmoja alikuwa kwenye kipaza sauti akitueleza maendeleo, mimi nikageuza shingo, nikaliona lile jeusi likipanda nyuma ya majengo. Nikatazama kamba. Ile neti juu ilishikwa na nyaya za chuma, lakini pembeni ilivutwa chini na kamba ndefu zilizofungwa kwenye mawe ya saruji, ili upepo usiirushe. Na zile kamba zilikuwa zimekaza kama nyuzi za gitaa, na rangi yake ilikuwa ya mkonge kabisa. Nikamwambia mke wangu nanyoosha miguu. Akanishika koti. Nikamwambia, mama, nina uvimbe wa magoti, niache.

Nilienda kwenye kamba iliyokuwa nyuma ya viti, pale karibu na magari ya wakubwa. Nilipoishika tu nikajua si mkonge. Ilikuwa laini, plastiki fulani ya kisasa, mvua haiwezi kuifanya kitu. Hapo mtu mwenye akili angeiachilia akarudi kwenye kiti chake. Lakini askari wa kampuni ya ulinzi aliyekuwa amesimama karibu akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Mzee, hiyo unaijua?"

Nikamjibu, "Kijana, nimefunga kamba kabla mama yako hajaolewa."

Sasa baada ya maneno kama hayo mtu anarudi aje kwenye kiti? Ikabidi nifanye kitu. Nikalegeza. Kidogo tu. Askari akaitikia kwa kichwa kwa kuheshimu ufundi, akaondoka.

Kumbe wingu halikuja na mvua, lilikuja na upepo. Ile pembe ya neti niliyoilegeza ikajaa upepo ikainuka, fundo lililobaki likaniponyoka, nami nikabaki nimeshika kamba kwa mikono miwili, inanivuta. Si kunirusha, hapana, msiongeze chumvi. Ilinivuta kwa hatua ndogo ndogo, viatu nilivyopiga rangi vinateleza kwenye lami, nami ninajaribu kuonekana kama mzee anayetembea kwa hiari yake. Watu wa mstari wa nyuma wakaanza kugeuka. Nikawasalimu kwa kichwa. Jiwe la saruji likawa mbali, siwezi kulifikia tena. Kitu kizito kilichokuwa karibu kilikuwa gari kubwa jeusi, na nyuma yake, chini, kulikuwa na ile ndoano ya kuvutia gari likikwama.

Nikafunga hapo. Nikafunga fundo langu lenyewe, lile ambalo halijawahi kufunguka bila ruhusa yangu. Neti ikatulia. Nikapangusa jasho, nikarudi kwenye kiti, mke wangu akauliza ulikuwa wapi, nikamwambia nimesaidia.

Nyambura akaitwa kuzungumza. Alianza kwa kueleza nyanya yake, yule mama yangu, alivyokuwa anasuka akitembea barabarani, kiondo kikining'inia mkononi, haangalii mikono, anaangalia mbele. Sikujua kama alikuwa anakumbuka hayo. Yule mama wa Kitisuru alikuwa mbele kabisa, ameinua miwani, anatazama juu na anatabasamu. Nikasema moyoni, leo jioni nitamwambia.

Na nyinyi mnawajua wakubwa. Mkubwa hakai mpaka mwisho. Mheshimiwa akaangalia saa, akanong'ona, akainuka, akainama inama kama mtu anayepita mbele ya televisheni, akaenda nyuma. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Nikasikia injini.

Nilisimama. Nilitaka kusema ngoja. Gari likaondoka taratibu kama magari ya heshima yanavyoondoka, kamba ikanyooka, neti ikavutwa upande, na kule juu kitu kikalia *ta*, halafu kingine, *ta*. (Nyambura alinieleza baadaye kwamba kuna viungo vidogo juu vilivyowekwa makusudi vikatike kabla ya ukuta wa jengo kuvutwa, kwa hivyo hakuna mtu angeumia. Walikuwa wamefikiria kila kitu isipokuwa mimi.) Halafu ikashuka. Haikuanguka, ilishuka, nzuri hata wakati huo, chungwa na nyekundu na kijani, ikatufunika sote kama vifaranga, wageni, kipaza sauti, maua, mama wa Kitisuru na miwani yake. Fundo langu lilishika. Gari lilienda na upande mmoja wa neti mpaka dereva aliposikia makelele akasimama. Mungu anisamehe, hata sasa kuna sehemu yangu ndogo inayojivunia fundo lile.

Watu wakajikwamua. Mwanamke mmoja kiatu kimenasa, mwingine nywele zake za kushonewa zimebaki kwenye nyuzi. Watu wa boda boda kule kizuizini walikuwa wanashangilia, mmoja anapiga kelele, "Buda, mzee wetu, hapo umevua samaki wa pesa!" Kofia yangu sijui ilienda wapi. Mimi nilitoka chini ya neti nikitambaa, na nilipoinua kichwa nikaona viatu vya yule askari. Alikuwa na afisa mwingine mkubwa wake, na akaninyooshea kidole.

"Ni huyu mzee," akasema. "Ndiye alikuwa anashika kamba."

Yule mkubwa wake akaniuliza, "Mzee, wewe ni wa nani hapa?"

Swali la kawaida tu. Watu wote walikuwa wameinua simu. Na mimi, mzee wa kanisa, ninayesoma somo siku za Jumapili nikiwa nimevaa suti ileile, nikasema, "Mimi si wa mtu hapa. Nilikuwa napita."

Jogoo wa shamba hawiki mjini, lakini mimi nilimsikia.

Nyambura alikuwa hatua chache kutoka hapo, bado amefunikwa na neti kichwani kama bibi harusi. Alijitoa polepole. Hakulia, hakupandisha sauti. Akamtazama yule afisa, akasema, "Ni baba yangu. Mwacheni."

Kisha akageuka akamsaidia mama wa Kitisuru kusimama.

Turudi nyumbani, maana hayo mengine mnayaona wenyewe. Yule mama wa Kitisuru alipiga simu baadaye, kwa upole, akasema kwa hospitali ameonelea afadhali wapande maua. Neti ililetwa Mutuini kwa pikapu yangu, ikajaza uwanja wote ninapokunjia tenti, imefungana mafundo mpaka hujui mwanzo uko wapi. Nyambura akawa anakuja baada ya kazi (ndiyo, anafundisha watoto kuchora matunda), anakaa chini kwenye mkeka na kufungua. Nami nikawa nakaa upande wa pili nafungua. Kufungua mafundo najua. Siku zikapita hivyo, vidole vinaniuma, mgongo unaniuma, naona kwamba mafundo yanayobaki ni yale yanayonivuta kuingia ndani zaidi, karibu na yeye.

Siku moja tulikuwa tumekaribiana hivyo, tunafungua fundo moja kutoka pande mbili, nikasema, bila kumtazama, "Siku ile nilikukana."

"Nilisikia," akasema.

Akavuta uzi mmoja kutoka chini ya mwingine, akanipa ncha. "Shika hapo, Baba. Usivute. Shika tu."

Nikashika. Jua likaingia nyuma ya Ngong, na mimi nimeshika, sijavuta.

Wanasema ile neti itarudishwa juu, bila sherehe na bila wakubwa, na mafundi wanatengeneza vile viungo upya. Sijui kama nitaitwa. Nikiitwa nitakaa kwenye kiti, mikono nitaikalia, wingu la Ngong lije lote na radi zake, sitasimama. Na mtu yeyote akija kuniuliza mimi ni wa nani pale, nitamjibu kabla hajamaliza kuuliza.