Nyasi za Mwalimu Mkuu

Harufu ya nyasi mbichi huwafurahisha watu wengi wa kwetu. Nyumba ikitandikwa nyasi mpya sakafuni, ujue mgeni anakuja, na pengine kuku atachinjwa. Mimi hunipandisha hasira hadi leo, na sioni haya kuwaambieni.

Nilisoma shule ya misheni huko Buganguzi, enzi za Mwingereza. Mwalimu Mkuu wetu, Petro, ndiye aliyefundisha darasa la nne. Mbele walikaa aliowatazamia kufaulu. Nyuma tulikaa sita, aliotuita mawe. Mimi niliwekwa huko baada ya kifaduro kunikosesha muhula mzima. Nilijifunza kusoma kwa kuchungulia kati ya mabega ya wenzangu. Mwalimu hakujua, maana hakuniuliza hata siku moja.

Siku aliyokuja mkaguzi wa Kizungu, ilijulikana kwamba atamsikiliza kila mtoto akisoma, kisha aandike majina ya watakaoendelea na shule ya kati. Taata, baba yangu, alikuwa ameninyoa vizuri na kuniambia nisome kwa sauti.

Asubuhi hiyo ofisi ilikuwa imeshatandikwa nyasi, tena nene. Mwalimu akatuita sisi sita.

"Hazitoshi. Nendeni rweya mkakate nyingine, msirudi kabla ya kengele."

"Mwalimu, mimi najua kusoma," nilisema.

"Anayejua kusoma hashindwi kukata nyasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Tukaenda kule mbugani, tukainama mchana kutwa. Tuliona vumbi la gari likija, tukaliona likiondoka. Kengele ilipolia tulirudi na matita kichwani, naye akatuagiza tukayamwage shambani kwake, chini ya kahawa. Cha mvunguni walishakichukua wengine. Mkaguzi aliambiwa tuna homa, akalisifu darasa ambalo kila mtoto wake alijua kusoma.

Kesho yake Taata alinishika mkono hadi shuleni. Mwalimu alimkaribisha kiti, akamwambia kwa upole, "Mzee, mtoto wako ni mzito. Mwache arudie."

Taata, ambaye hakujua hata kuandika jina lake, alivua kofia. "Wakola, waitu," alisema. Akamshukuru! Mengine yote ningeweza kumsamehe Petro, lakini si shukrani ile.

Petro alipandishwa cheo, akahamishiwa Bukoba mjini. Aliyekuja baada yake aliniambia nisome, nikasoma, nikapita. Miaka mingi baadaye nikawa mwalimu mkuu mwenyewe, huko Muleba. Siku moja nikaletewa habari kwamba mkaguzi yuko njiani. Nilisimama mlangoni mwa darasa langu, na macho yangu, bila kutumwa, yakaenda benchi la nyuma kuchagua wa kuwaondoa. Nilijichukia. Miaka yote nilidhani Petro alituonea aibu sisi.

Mkaguzi alipoingia niliwaita wa nyuma wasome kwanza. Walisoma vibaya sana, mmoja akalia. Yule bwana akaandika kwenye ripoti kwamba watoto hawa hawajafundishwa. Ilikuwa kweli, na iliniuma.

Ripoti hiyo ninayo bado. Petro alitukatisha nyasi siku nzima ili asiisome sentensi ile moja.