Saa za Kulungu

Karani wa masjala, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Dakika, aliwinda kama alivyopanga majalada: kwa saa. Kibali alikuwa nacho, na pembezoni mwa msitu alijijengea dungu la mbao lenye ngazi. Kulungu, alifundisha, hutoka kulisha kunapopambazuka mpaka saa tatu, kisha tena saa kumi mpaka jua lizame. Anayekaa dunguni mchana anawinda usingizi.

Kwa miaka tisa hakuleta nyumbani hata ukwato. Mara upepo ulipeleka harufu yake msituni, mara mbalamwezi iliwashibisha kulungu usiku kucha. Sababu alikuwa nazo nyingi kuliko risasi. Mkewe alishazoea; akimwona anarudi alimsogezea chai bila kuuliza.

Jumamosi moja mvua ilianza kabla ya mapambazuko. Bwana Dakika alilowa dunguni hadi saa tatu kamili, akashuka akipiga chafya. Nyumbani alimkuta shemeji yake, fundi bomba, amelala chali chini ya sinki la jikoni. Saa sita fundi alimaliza kazi, na mvua nayo ikakatika. Naye alikuwa na kibali, akaomba akajaribu bahati dunguni. Bwana Dakika alimhurumia, akamwazima na mto wa kukalia.

Haikupita saa moja na nusu, fundi akarudi anasukuma mkokoteni, na juu yake kulungu dume.

"Shemeji, ulijuaje?" Bwana Dakika aliuliza taratibu.

"Sikujua kitu. Mimi mvua ikinifungia ndani asubuhi nzima, ikikatika tu natoka kutafuta chakula. Nikaona huenda na yeye ana tumbo."

Bwana Dakika alikwenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake, moyo ukimuuma kama mtu aliyevuliwa cheo. Hata hivyo jioni alikula vipande vitatu kimyakimya. Mkewe akamwongeza cha nne.

Mwezi uliofuata chama cha wawindaji kilimwalika aeleze saa bora za kuwinda. Alieleza alfajiri, akaeleza jioni, kisha akakohoa kitaalamu na kutangaza kwamba utafiti wake wa miaka tisa umegundua wakati mwingine: mara tu mvua ndefu inapokatika, hata iwe adhuhuri. Watu wakaandika. Fundi bomba, aliyekaa kiti cha mbele, naye akaazima kalamu akaandika, maana hakuwa amejua kwamba lile lilikuwa jambo la kuandikwa.