Gari la Baba Chini ya Chandarua

Ku-ku, ku-ku-ku. Ku-ku, ku-ku-ku. Hadi leo nikifumba macho naisikia: mchi wa kinu, niliouviringishia kitambaa, ukigonga bati la kifuniko cha gurudumu juu ya gogo lenye uwazi ndani. Ilikuwa alasiri, mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, nami nilikuwa nanyoosha vifuniko vilivyobonyea huku nikiimba. Nyuma yangu gari la baba lilikuwa linakauka. Rangi nyekundu, bado mbichi, inang'aa mpaka mawingu yanajiona ndani yake. Nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa mtaa wetu wa Bwaise.

Sikujua kwamba nilikuwa napiga ngoma ya kuita balaa.

Lakini ngoja kwanza niwaambie habari za gari lenyewe. Lilikuwa gari la spoti kutoka Japani, la milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti. Ukibonyeza swichi zinainuka kama mtu anayeamka. Ya kulia iliinuka. Ya kushoto ilikataa kabisa, kwa hiyo kila ukiwasha taa gari linakukonyeza. Baba alikuwa Mkenya, alivuka mpaka kuja Kampala kutafuta kazi miaka michache baada ya vita vya Uganda kwisha, akapata kazi ya kuendesha gari la mikate, akabaki. Tajiri mmoja aliyekuwa anahama nchi ndiye aliyemwachia gari lile la spoti. Baba aliliendesha mpaka mama alipotutoka. Baada ya hapo alilipandisha juu ya matofali ili mafuriko yasilifikie, ingawa yalikuwa yameshalifikia mara nyingi. Mstari wa tope ulikuwa umejichora milangoni kama upindo wa gauni. Kila Jumapili aliwasha injini, akaisikiliza kidogo, akazima. Injini ilikuwa nzima. Kilichokufa ni uso.

Basi dada yangu akachumbiwa na kijana Mganda. Watu wa kijana wakaja nyumbani kujitambulisha, wanawake na magauni yao ya gomesi, wanaume na kanzu zao, uani kwetu hakuna pa kukanyaga. Mambo yalikwenda vizuri mpaka msemaji wao alipotangaza kwamba siku ya harusi wataleta gari jeupe refu kumchukua bibi harusi. Baba alisimama. Alisema kwa upole kabisa:

"Tunashukuru. Lakini binti yangu atatoka nyumbani kwangu kwa gari langu. Hilo hapo."

Watu wote wakageuza shingo. Na kuku wetu mwekundu, ambaye alikuwa ametaga kwenye kiti cha nyuma, akachagua dakika hiyohiyo kutokea dirishani akipiga kelele za kutangaza yai.

Shangazi wa bwana harusi, yule Waganda wanayemwita ssenga, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kufika Kawempe. Akauliza, "Mukwano, rafiki, hiyo gali, bibi alusi nakaa mbele ama nakaa na kuku?"

Ua mzima ulicheka. Baba naye alicheka, lakini nilimwona akishika ukingo wa meza. Hakuwa na shamba Uganda, hakuwa na ukoo wa kujaza viti upande wetu. Alikuwa na neno lake, na alikuwa ameshalitoa mbele ya watu wazima. Kama gari lile lisingefika kanisani Lubaga likiwa na heshima, neno hilo lingechekwa kwenye kila sherehe ya ukoo ule, na dada yangu angelisikia maisha yake yote.

Usiku ule nilimwambia, "Baba, mimi nitalipamba."

"Wewe? Unajua nini kuhusu magari?"

"Kucha najua."

Nilikuwa nafanya kazi saluni, kando ya barabara ya Bombo. Shule niliishia mwaka wa pili wa sekondari, lakini mkono wangu ulikuwa mwepesi, nikaanza na kusuka, nikamalizia kwenye kucha. Na ukucha una sheria zake: unaosha, unasugua, unapaka ya chini, unangoja, unapaka nyembamba, unangoja, nyembamba tena. Mwenye haraka anaharibu. Niliposema gari ni ukucha mkubwa, baba alinitazama kwa huruma.

"Gari si ukucha, mama."

"Tofauti ni nini?"

Akafikiri. "Ukucha hauna gia."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya kuanza kazi.

Kuku alihamishwa, akanuna. Tulitoa viti, tukavianika juu ya bati mpaka harufu ya mafuriko ikakata tamaa. Bampa ya nyuma ilikuwa ya plastiki, imebonyea kama shavu la asiye na meno. Nikaimwagia maji yaliyochemka kutoka kwenye birika, baba akaingiza mkono kwa ndani akasukuma, ikarudi na mlio wa *pwa*. Tuliangaliana kama wezi. Taa za nyuma zilizofifia nilizisugua kwa dawa ya meno na soksi. Plastiki zote nyeusi nilizipaka kiwi cha viatu. Dada alipima usukani kwa uzi, akakata ngozi ya mkoba wake wa zamani, akaishona kuzunguka usukani kwa sindano ile iliyopinda tunayoshonea nywele za bandia. Hadi leo sijaona mshono wa usukani ulionyooka vile. Na ile taa ya kushoto, baba aligundua kwamba chini yake kuna kitufe cha kuzungushwa kwa mkono. Tukakizungusha polepole, jicho likainuka, tukaamua yote mawili yabaki wazi. Liache kukonyeza watu, baba alisema, linakwenda kanisani.

Ikabaki rangi. Jirani yetu, Mkongomani aliyekimbia vita vya mashariki ya kwao, alikuwa anachomelea mageti ya chuma pale barabarani na alikuwa na kompresa na bomba la kunyunyizia. Alitukopesha vyote viwili, akatupa na rangi nyekundu ya mageti yake, akanifundisha kushika bomba mbali, kwenda na kurudi bila kusimama. Alisema nina mkono muzuri. Tulikuwa katikati ya wiki, harusi Jumamosi.

Adui wa rangi Bwaise ni vumbi, kila mtu anajua. Kwa hiyo nilingoja mvua ipite, na kwa kuwa upande wetu ulikuwa umelowa kidogo tu, nikamwaga ndoo za maji uani kote, mpaka nyuma kwenye kichuguu cha jirani. Nikapaka. Ilitoka nzuri kiasi kwamba baba alivua kofia. Kisha, badala ya kukaa na kuitazama kama mwendawazimu, nikavuta gogo hadi pale karibu na kichuguu, nikachukua vifuniko vya magurudumu. Ku-ku, ku-ku-ku.

Mtu yeyote aliyekulia Buganda, au kwetu magharibi ya Kenya, ameshaelewa nilichofanya. Kumbikumbi wa alasiri wanaitwa hivyohivyo. Unalowesha kichuguu, unagonga kigogo kwa mdundo kama wa mvua, wanadhani mvua imekuja, wanatoka. Nimewaita mwenyewe mara ngapi nikiwa mtoto. Lakini kichwani mwangu siku ile kulikuwa na rangi tu.

Walitoka kama moshi. Nilisikia kitu kikigusa shavu, nikapunga mkono, nikagonga tena. Kisha uani kukawa na mbawa tupu. Nilipogeuka, boneti ilikuwa inatembea.

Jirani mwenye kichuguu, mama mmoja Mganda aliyekuwa anauza chapati, alitoka mbio na beseni na kitenge cha kufunika. "Nyabo, wewe naita enswa yangu bila kuniambia? Na nusu napakia kwa gali." Nyuma yake wakaja wengine, na masufuria, na vikapu, watoto wakila wengine papo hapo. Kwa wote ilikuwa sikukuu. Mimi nilisimama na mchi mkononi. Gari la baba lilikuwa limeota manyoya, boneti, paa, milango, kila mahali vibawa vimenata na viwiliwili vinahangaika kwenye rangi.

Mkongomani alikuja akiwa na kisu cha kukwangulia. "Dada, tuondoshe sasa hivi. Ikikauka utalia. Rangi ya mageti haichekake na mutu."

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa amesikia mdundo ule wote na hakunizuia. "Nilidhani unafurahi tu," alisema. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Kesho nitakwenda kwa wakwe. Nitawaambia walete lile jeupe."

Dada yangu aliingia ndani, akafunga mlango taratibu. Ile taratibu ndiyo iliyoniumiza.

Nilitaka kulia, na labda nililia, lakini mkono wangu wa saluni ulikuwa unafikiri wenyewe. Mteja akigusa ukucha mbichi, ukijaribu kurekebisha palepale unaubomoa mpaka chini. Nikamshika Mkongomani mkono wenye kisu.

"Usiguse. Acha ikauke."

"Na hawa?"

"Wakauke nao."

"Baba," nikasema, "kesho usiende. Kesho kutwa asubuhi nikishindwa, nenda."

Aliinuka kwenye ngazi. "Kesho kutwa asubuhi," alisema.

Kulipokucha jua lilikuwa kali, Mungu ashukuriwe. Rangi ilikuwa imeshika. Nikaanza na msasa wa maji, ule mlaini, na ndoo, na sabuni kidogo, nikisugua kwa duara. Mbawa zilitoka kama unga. Miguu ilitoka. Vichwa vilitoka. Chini yake rangi ilikuwa laini kama kitako cha mtoto, haina mkwaruzo wa kisu hata mmoja. Mkongomani alipitisha kidole, akanusa, akapitisha tena. "Eh," alisema tu, akaenda kuwasha kompresa.

Lakini kumbikumbi wakishaanza kutoka hawatoki siku moja. Kila mtu uani alijua, na mimi nikaanza kuangalia kile kichuguu kama adui. Hapo mama wa chapati akaja na chandarua chake cha kitandani begani. Akakitupa juu ya kamba ya nguo. "Mimi nakula enswa yako jana," alisema, "sasa gali naweza lala kwa neti yangu." Akamwita jirani wa pili, akamwita wa tatu. Kila nyumba iliyokaanga kumbikumbi ikaleta chandarua. Dada akatoka ndani, macho yamevimba, na sindano yake iliyopinda, akaanza kuviunganisha, mishono mikubwa mikubwa, akiuma uzi kwa meno. Mchana tulikuwa na hema jeupe lililofunika gari zima, limefungwa kwenye nguzo na kwenye choo.

Niliingia ndani ya hema peke yangu na bomba, kitambaa usoni. Nje watu walibanana kuchungulia, mtu akasema, "Anapaka wapi sasa?" na mwingine, "Mlango," na mwingine, "Sogea, naona." Nilipaka nyembamba. Nikangoja. Nyembamba tena. Kumbikumbi walikuja, wachache, wakagonga chandarua, wakaanguka kwenye masufuria yaliyokuwa yamewekwa chini kwa makusudi.

Baba hakuenda kwa wakwe. Ijumaa asubuhi aliingia chini ya chandarua, akakaa humo muda, akatoka, akaanza kupiga pasi suti yake.

Vile vyandarua vilirudishwa vikiwa na madoadoa mekundu. Hakuna aliyelalamika. Mama wa chapati alionyesha chake kwa wateja.

Jumamosi matofali yaliondolewa. Dada alikaa mbele, gauni likajaza gari mpaka baba alikuwa anatafuta gia ndani ya lesi kama mtu anayetafuta sindano pambani. Hapakuwa na nafasi yangu, nikapanda bodaboda nyuma yao. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeliona vizuri kuliko wote: likitoka Bwaise watoto wakikimbia pembeni, taa zote mbili zimefungua macho, vifuniko vya magurudumu vinazunguka kama sinia, kisha likipanda mlima wa Lubaga, jekundu, bila kusitasita. Dereva wangu wa boda akaniuliza, "Hiyo gali ni ya waziri?"

"Ni ya baba yangu," nikasema. "Rangi ni yangu."

Mbele ya kanisa watu wa bwana harusi walikuwa wamejipanga. Ssenga alikuja na gomesi lake la dhahabu, akalizunguka gari lote polepole, akainama akachungulia kiti cha nyuma.

"Kuku wapi?" aliuliza.

"Amebaki nyumbani, amekasirika," baba alisema. "Alitaka kuja."

Ssenga alicheka mpaka akamshika baba bega. Kisha akawageukia watu wake, akasema kwa Kiganda kile kinachosikika mbali kwamba mwanamume huyu akisema kitu kinakuwa. Baba alinyoosha koti. Alimpa dada mkono, wakapanda ngazi, na sijawahi kumwona akitembea mrefu vile.

Alipofika mlangoni alirudi kidogo, akanitupia ufunguo. "Kaa nalo mpaka waanze kuimba," alisema. "Watoto wasije wakaliandika kwa vidole."

Watu wote waliingia. Uwanja ukabaki na magari na upepo. Nilivua viatu vyangu vya harusi ili nisichafue zulia, nikafungua mlango wa dereva, nikaketi. Miguu yangu haikufika kwenye pedali. Nikapapasa chini ya kiti nikapata chuma cha kukisogezea, nikakivuta juu, nikajisogeza mbele mpaka miguu ikafika.