Si Kila Mchelewaji Alikwama Kivukoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau. Nilikuwa darasa la nane, shule hiyo hiyo ya Likoni unayosoma wewe. Mimi mama yako mdogo naona haya kusema mbele za watu, ndiyo maana nakuandikia, tena polepole. Jumatatu unaingia mtihani, na jana nimeiona karatasi yako ya majaribio.

Siku hiyo tulipewa ufahamu juu ya msichana aitwaye Saida. Swali likauliza: kwa nini Saida alichelewa kufika mjini? Sikuisoma habari yote. Kiswahili si ni chetu? Nikachagua jibu la kwanza: kulikuwa na msongamano kivukoni. Mtu wa Likoni akichelewa, sababu nyingine ni ipi?

Mwalimu wetu Bi Mwanakombo, mtu mzima mwenye mzaha, akaniita.

"Abee, mwalimu."

"Nani kakwambia Saida alikwama kivukoni?"

"Kila mtu ajua, mwalimu."

"Ala! Kumbe kila mtu ndiye aliyeandika habari hii?"

Darasa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hakuniacha hapo. Akaketi kando yangu, akasema, "Kila jibu lidai shahidi. Tia kidole kwenye sentensi. Lisilo na shahidi, lipige mstari."

Tukaanza. Msongamano? Habari ilisema Saida alivuka bila foleni. Mstari. Aliamka kuchelewa? Aliamka kwa adhana ya alfajiri. Mstari. Mvua ilimzuia? Hapo nilisoma mara mbili, maana mvua ilikuwamo kweli, ila ilinyesha alipokwisha kufika. Likabaki moja: alirudi kumsaidia nyanyake. Maneno hayo hayakuwamo popote. Lakini Saida alikuta dawa ya nyanyake imo mkobani mwake, akageuka, akavuka tena kurudi Likoni. Shahidi ndiye huyo.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mtihani wenyewe ulipokuja, nilikwenda na penseli na subira, na ufahamu haukunishinda.

Nawe jana uliulizwa kwa nini mama yule alifurahi. Umejibu kwamba mwanawe alifaulu mtihani. Habari yasema alifurahi kwa sababu mgeni wake aliwasili salama. Nilicheka kidogo, kisha machozi yakanilenga, maana nilijua ulikuwa ukimwaza mama yupi.

Basi, mwanangu, isome habari kama mgeni, hata ikiwa ni ya mtaani kwenu. Jambo laweza kuwa kweli duniani lisiwe jibu la swali. Ondoa yasiyo na shahidi. Yakibaki mawili, rudi kwenye habari, usirudi kwenye mazoea yako.

Mungu akutulize moyo na mkono. Na lile jibu lako la jana, kwamba mwana alifaulu, usilitupe. Halikuwa la karatasi ile. Ni la kuletwa nyumbani, inshallah, na mama yako analingoja.