Nilijenga treni kwa matofali ya watoto, ikanionyesha nilimsingizia rafiki yangu

Wakuu na wajukuu, hamjambo.

Mimi ni nyanya wa Timau. Shule nilisoma gumbaru, nikiwa tayari na watoto, kwa hivyo mkiona herufi imepotea msinicheke, someni tu. Ninayoandika ni kweli, na mwenye kunisahihisha yuko hai.

Mwaka jana baridi ya huku ilinishika vidole vya mkono wa kulia, vikawa vigumu kama kuni. Mtu wa mazoezi pale hospitali akasema nishikeshike vitu vidogo kila siku. Binti yangu Kendi, mwalimu huko Kaaga, akaniletea mfuko wa yale matofali ya plastiki ya kuchezea, watoto wake walishakua. Akaniambia nijenge nyumba.

Nyumba ninayo. Sikuona haja ya kujenga ingine.

Nikaamua kujenga treni.

Sio hizi za sasa. Ni ile iliyotupeleka kazini Nairobi miaka ya sabini. Ilikuwa behewa moja peke yake, injini iko ndani yake, hakuna kichwa cha kuivuta. Dereva alikaa humo humo na sisi, nyuma ya kaukuta ka mbao. Chini maruni, juu rangi ya maziwa.

Kwetu Meru reli haijafika mpaka leo. Mimi nilitoka Mikinduri nikijua lori la miraa tu, na lori lina mbele na lina nyuma, hata mtoto anajua.

Hapo mpashike vizuri.

Nairobi niliishi na msichana wa Embu anaitwa Wanja. Chumba kimoja, sufuria moja, kitanda kimoja. Tulishona magunia katika kiwanda kimoja. Alikuwa na mdomo huyo! Aliniita Mmeru tangu siku ya kwanza, na sikuchukia, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuvuka barabara.

Kwetu wakati huo, msichana akienda kazi mbali, mwaka wa kwanza alirudi na blanketi ya mama. Asiporudi nayo mama hasemi kitu. Ni wanawake wengine watamsemea.

Basi Desemba nikanunua blanketi, nikaifunga ndani ya kiondo, kikapu changu cha kusuka. Jioni treni ikaingia stesheni ya mjini, tukakimbilia viti. Kiondo nikakiweka mbele kabisa, kando ya mlango wa dereva. Nilifikiri, nani ataiba mbele ya dereva? Nikamwambia Wanja, aliyepata kiti katikati, aniangalizie, nikashuka kununua mkate.

Kurudi, watu wamejaa. Nikasukumana mpaka kwa dereva.

Hakuna kiondo.

Nikamuuliza Wanja. Akasema hakuona mtu akitoka nacho. Halafu akasema, "Angalia na kule mwisho."

Nikaona ananichezea. Mwisho nikatafute nini, na mimi niliweka mbele? Nikasimama katikati ya behewa nikapaza sauti. Nilisema Wanja wa Embu ni mwizi, blanketi ya mama yangu ameipitishia mwenzake dirishani.

Wengi humo walikuwa watu wa kiwanda chetu na wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekaa karibu na Wanja, si kazini, si kwa treni. Wiki mbili hazikuisha, akafunga nguo zake kwa shuka akarudi kwao.

Mimi nilienda nyumbani mikono mitupu, nikamtajia mama jina la mwizi. Mama alikufa akilijua jina hilo.

Sasa turudi kwa matofali.

Kazi hiyo si ya watoto, msidanganywe. Vitu hivyo vinauma vidole. Rangi ya maziwa haikutosha nikachanganya na manjano. Magurudumu nilitoa kwa gari la zimamoto la mjukuu. Viti nikapanga kando ya kuta, watu wakitazamana, vile ilikuwa. Mbele nikaweka taa mbili, dirisha la dereva na kamlango kake. Karibu mwezi mzima.

Ikabaki nyuma.

Nyuma ikanishinda. Nikafunga macho, nione treni ikiondoka na mimi nimebaki nimesimama stesheni. Nikaona taa mbili. Nikaona dirisha la dereva.

Nikasema nimechanganya. Nikafunga macho tena.

Taa mbili, dirisha, kamlango.

Wakuu, ile treni haikuwa na nyuma. Pande zote mbili zilikuwa mbele. Ikifika mwisho wa safari haikugeuka. Dereva alichomoa kile kishikio chake cha chuma, akapita katikati yetu mpaka upande ule mwingine, akaendesha kurudi. Mara ngapi nilimsogezea miguu apite! Sikuwahi kuwaza anaenda kufanya nini.

Kiondo changu hakikuhama. Aliyehama ni dereva, mimi nikiwa nje nanunua mkate.

Nilikaa hapo na tofali moja mkononi mpaka chai ikaganda.

Kupitia akina mama wa kanisa nikasikia Wanja yuko upande wa Runyenjes. Nikaweka treni ndani ya kiondo nikaenda. Nilimkuta jikoni akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Mmeru," akasema. "Umezeeka vibaya."

Nikamwambia na yeye pia.

Nikatoa treni nikaiweka juu ya kigoda. Akaishika, akaitazama upande mmoja, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Umejua lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mimi nilijua siku ile ile. Uliposhuka na hasira zako nilienda kule mwisho. Nilikuta kamba ya kiondo imekatika iko chini, mtu ameshabeba. Ningekuja kukuambia nini, na ulikuwa umeshamaliza kusema?"

Nikasema nimekosa. Akaendelea na maharagwe yake, mabovu huku, mazuri huku.

"Ulinitaja mbele ya treni nzima," akasema. "Sasa unakuja kuniomba tukiwa wawili, jikoni kwangu?"

Nikamwambia wale watu wengi wamekufa, na wengine sijui waliko.

"Basi tafuta wengine."

Wakati wa kuondoka treni ilibaki juu ya kigoda. Kwetu na kwao ni kitu kimoja, kiondo cha mgeni hakirudi kitupu, mwenyeji hutia chochote, hata viazi vitatu. Nikamngoja. Hakutia kitu, na kiondo chenyewe hakunipa.

"Hiki kitakaa hapa kwanza," akasema. "Siku nitasikia umesema, nitakileta mwenyewe."

Sasa mmejua kwa nini bibi mzee ameingia humu kwenu. Nilitafuta watu wengi waliokaa pamoja, nikawapata nyinyi.

Wanja wa Embu hakuiba. Aliniambia niangalie mwisho na sikuangalia. Nilimwita mwizi mbele ya watu, akapoteza kazi, akapoteza jina, na kosa lilikuwa langu.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiambiwa angalia kule, nenda uangalie kwanza. Kelele utapiga baadaye, bado utakuwa nazo.

Mwenye neno aandike hapa chini, lakini asinipongeze kwa treni. Amwandikie Wanja. Mke wa mwanawe ana simu na ameahidi kumsomea yote, hata ya wenye kunikemea. Nikemeeni, sitajibu.

Na wewe Wanja, huku Timau ni baridi. Siku unaleta kiondo, vaa sweta.