Taiti Niliyoivaa Bila Kuifua

Ukitaka kubisha, bisha, lakini kwanza nishike shavu la mguu. Nishike asubuhi ya mwezi wa saba hapa Njombe, sakitu ikiwa imeyafanya majani meupe na wewe umevaa makoti mawili. Utalikuta lina joto. Halafu ndipo uniambie natunga.

Mimi ni mkimbiaji, na sijisifu nikisema mbio ndefu naziweza. Kilichonitesa ni baridi. Miaka miwili mfululizo, kwenye mchujo wa timu ya mkoa kule Makambako, nilibanwa na misuli nikamaliza nachechemea. Mwaka ule kocha hakunificha: nikishindwa tena, nafasi yangu anapewa mwingine. Kwa hiyo Jumanne ya wiki ya mchujo nikaenda Makambako, nikachakura mitumba, nikapata taiti nyeusi ya kubana misuli, safi kabisa, ina mshono mwekundu gotini.

Mke wangu akasema, "Baba Neema, ifue kwanza." Nani asiyejua kwamba mtumba unafuliwa kabla ya kuvaliwa? Lakini nguo iliyofuliwa Njombe mwezi wa saba inakauka lini? Siku nne, tano inaning'inia tu, na mchujo ulikuwa Jumamosi. Nikaivaa hivyohivyo.

Jumatano alfajiri nikatoka nyumbani, mtaa wa Ramadhani, nikaifuata barabara ya Makambako. Ukungu, usiseme. Lakini taiti! Ilinishika miguu kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni. Kilomita ya tano, ya sita, misuli imetulia. Nikaanza kucheka peke yangu.

Ndipo nikamwona kijana anakimbia ubavuni kwangu, kwenye majani. Amevaa bukta fupi, mapaja wazi.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene," nikajibu. Kwetu humpiti mtu bila salamu.

"Gotini kushoto inalegea kidogo. Utaizoea."

Nikashtuka, kwa sababu kweli ilikuwa inalegea. Nikadhani ni mpinzani kaja kunichezea akili. Nikaongeza mwendo, akawa nami. Nikaongeza tena, na niamini, mimi nikiongeza mara ya pili huwa nabaki peke yangu. Bado akawa nami, na hapo ndipo nilipoona. Mimi nilikuwa natoa mvuke mdomoni kama birika. Yeye hakutoa chochote. Majani aliyoyakanyaga yalibaki meupe vilevile, hayana hata alama ya unyayo.

"Kaka, nirudishie. Miguu yangu ina baridi."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Niliogopa, sifichi, lakini niliifikiria timu kwanza. Nikamwambia, "Niachie mpaka Jumamosi, mdogo wangu. Nikimaliza mchujo nakurudishia."

Akasimama. Akanitazama bila hasira. "Mimi pia nilikuwa na Jumamosi yangu," akasema.

Nikavua raba, nikavua taiti, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Sikuona akiipokea. Niliona tu mikono yangu mitupu, na barabara.

Nilirudi mtaani na raba, jaketi na chupi, nikakutana na akina mama wa kwaya wanatoka ibada ya asubuhi. Walinisalimu kwa heshima zote, huku wakitazama pembeni.

Jumamosi nikakimbia na bukta yangu ya zamani. Sikubanwa hata kidogo. Nikawa wa pili, nikaingia timu. Baada ya hapo nikamtafuta mama aliyeniuzia, nikamweleza juu ya ule mshono mwekundu. Akaukumbuka.

"Ile haikutoka kwenye belo la mitumba, mwanangu. Kuna baba aliniletea, ilikuwa ya kijana wake, mkimbiaji kama wewe. Lori lilimgonga kwenye ukungu akiwa mazoezini, zimebaki siku mbili mchujo wa mwaka jana ufanyike."

Tangu wiki ile miguu yangu haijaonja baridi. Mke wangu anapasha yake hapo kila akilala, na utani hauishi. Lakini nikikimbia kwenye ukungu, upande wa majani naacha nafasi ya mtu mmoja. Sijawahi kuukanyaga upande ule.

Nawe ukinunua mtumba, ufue, hata kama utakauka wiki nzima. Na mwenyewe akikufuata barabarani, mrudishie palepale. Usimwombe akusubiri mpaka Jumamosi.