Uwanja Ulioumuka Nyuma ya Jiko

Jamani, mmewahi kuona zege likiumuka?

Mimi nimeona. Hapa hapa nyumbani kwangu, Kansas, nyuma ya jiko. Uwanja wa mpira wa kikapu uliomwagwa Oktoba ukiwa bapa kama meza, Machi ulikuwa na nundu katikati, utadhani ngamia amelala chini yake.

Ukiweka mpira pale juu, unaondoka wenyewe.

Ngoja nianze mwanzo.

Nyumba hii ni ya baba yangu. Aliijenga, akapanda mti mmoja nyuma, aina ile inayomwaga nyuzi kama pamba kila Juni, ukakua mpaka ukafunika ua wote. Alipofariki akaniachia. Nilipoolewa na Curtis nikaingiza na jina lake kwenye hati, maana ndoa ni ndoa. Tukapata watoto wawili, Hadley na Wade.

Miaka yote hiyo Curtis hajawahi kupigilia hata msumari. Taa ikiungua, nabadilisha mimi.

Halafu Septemba moja akaamka na habari ya uwanja.

"Watoto wanahitaji mahali pa kucheza, mke wangu. Tukate ule mti, tumwage zege kabla ya baridi."

"Mti wa baba?"

"Baba hayupo, LeAnn. Watoto wapo."

Hapo alinipata. Utabishana vipi na mtu anayewatanguliza watoto?

Mkandarasi akaja. Duane, mdomo kama redio. Akauzunguka mti, akachota udongo, akauviringisha kiganjani ukawa kama soseji.

"Udongo wa mfinyanzi mtupu huu, bosi. Ukipata maji unavimba. Mti huu ndio uliokuwa unayanywa maji yote. Ukiukata, atakunywa nani? Udongo wenyewe! Kata sasa, acha mvua na theluji zipite, zege tumwage mwakani."

"Haiwezekani. Nataka uwe tayari kabla ya theluji."

"Utakunyanyukia huo uwanja."

"Duane, kazi unaitaka au huitaki?"

Duane akacheka. "Naitaka! Hela ni hela. Shemeji, wewe ni shahidi, nimesema."

Nikamfuata Curtis jikoni. "Haraka ya nini?"

"Kuwafurahisha wanangu nako ni kosa?"

Nikarudi kwenye sufuria zangu.

Mti ukaangushwa Jumamosi. Hadley alisimama dirishani, akasema, "Mama, jiko limeingia mwanga mbaya."

Majani yanapukutika kwa jirani, kwetu hakuna cha kupukutika. Zege likamwagwa, vigae vya plastiki vya bluu vikapangwa juu, goli likasimama. Nami mjinga nikawapikia mafundi supu nzito ya nyama na maharage, na mikate ya mdalasini.

Mvua zikaja. Theluji ikafunika kila kitu.

Januari, Curtis akaanza wimbo mwingine.

"Nyumba hii imetuzidi. Tuiuze, tutafute ndogo mjini. Tuanze upya, wewe na mimi."

"Niuze nyumba ya baba?"

"Ni kuta tu, mpenzi."

Nililia. Lakini alikuwa amekuwa mpole, hata vyombo alikuwa anaosha. Nikamwambia theluji ikiyeyuka, nitatia sahihi.

Theluji ikayeyuka. Nundu hiyo hapo.

Curtis alisimama uani na soksi, uso umemshuka kama mtu aliyeibiwa.

"Si uwanja tu?" nikamwambia. "Watoto watacheza hivyo hivyo."

"Huelewi wewe," akasema.

Kweli, sikuelewa. Nilielewa wiki ile ile, Curtis akiwa kazini, mlango ulipogongwa. Mwanamke, koti jekundu, tabasamu mpaka masikioni.

"Mimi Rhonda, dalali. Na wewe ndiye Janelle! Hatimaye!" Akanikumbatia. "Curtis haishi kukutaja. Ile nyumba yenu ya mjini, anayeiuza amekubali kuwasubiri mpaka hii iuzwe. Vipi, yule mke wa zamani ameshatia sahihi? Nasikia keshahama."

Nikaufungua mlango wote. Jina langu sikulitaja.

"Bado hajatia," nikasema. "Pita nyuma uone uwanja."

"Ah, uwanja! Nilimwambia tangu Agosti, weka uwanja, nyumba inagombewa mara tu majani yakichipua."

Akafika uani, akaganda.

"Mungu wangu. Hii haifichiki. Mnunuzi akiiona atauliza na msingi wa nyumba. Hakuna atakayeigusa."

"Hata nikitia sahihi?"

"Wewe? Wewe unatia sahihi ya nini?"

"Mimi ni LeAnn."

Sijawahi kuona mtu akikimbia na viatu virefu kwenye matope.

Curtis aliporudi, alinikuta nimekaa juu ya nundu.

"Janelle ni nani?"

Hata kukana hakukana. "Ungepata nusu yako, LeAnn."

"Nusu yangu. Na mti wa baba tungeugawa vipi?"

Akaingia ndani kukusanya nguo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Angemsikiliza Duane, angengoja mwaka mmoja tu, uwanja ungekaa bapa, nami ningetia sahihi huku namwandalia kahawa.

Msinipongeze. Nyumba ninayo, ila mti haurudi, na watoto wanauliza maswali nisiyoyaweza.

Duane alipita juzi. "Shemeji, nije nikuvunjie hiyo nundu?"

"Iache."

Kila jioni Wade anatupa mpira, anakosa, nao unateremka kwenye nundu mpaka kwenye mlango wa jiko. Goh. Naurudisha.

Basi wanawake wenzangu, mtu ambaye hajawahi kupigilia msumari akianza ghafla kujenga, usikimbilie kuwapikia mafundi. Muulize kwanza anamjengea nani.